Muuzaji amenikatia mishale dazeni nzima bila kuuliza upinde wangu una pauni ngapi

Wanajamvi, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mwezi uliopita nilinunua kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye sitamtaja, upinde mrefu wa mbao wenye nguvu ya pauni 40 ukivutwa inchi 28, pamoja na mishale 12 ya kaboni. Kifurushi kilipofika Arusha kwa basi, nilikuta mishale imekwisha kukatwa kwa inchi 28, na kila wano, yaani ule mwili wa mshale bila kichwa wala mbawa, limeandikwa 340.

Kwa wasiofahamu, namba hiyo ni kipimo cha ugumu. Wano hulazwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, hutundikwa uzito wa gramu 880 katikati, kisha hupimwa limebonyea kiasi gani katika sehemu za elfu za inchi. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, wano ni gumu. Mawano ya 340 ni ya zile pinde za kisasa zenye magurudumu nchani, za pauni 60 hadi 70. Upinde wangu mpini wake haukuchongwa hadi katikati, hivyo mshale ukiachiwa hauna budi kujikunja, kuuzunguka mpini, kisha kujinyoosha kuelekea shabaha. Ulio mgumu kupita kiasi hukataa kujikunja na kwenda upande. Mimi navuta kwa mkono wa kulia, na kutoka mita 18 mishale yote 12 ilikwenda kushoto shubiri nzima, imekusanyika vizuri kabisa mahali pasipo pake.

Nilipompigia simu alinijibu kwamba mshale ni mshale, na kasoro iko mkononi mwangu. Mkono wenye kasoro mara nyingi hutawanya mishale, hauipangi pamoja! Hata hivyo nilibandua mbawa za plastiki kwenye mishale miwili (mbawa ambazo nazo hazifai hapa, maana plastiki hailali kama unyoya inapopita kwenye mpini), na hiyo miwili, bila mbawa za kuinyoosha, ikaenda kushoto zaidi, dalili kwamba ni migumu mno.

Kinachonichoma hasa ni kule kukata. Wano refu hulegea zaidi, na kichwa kizito hulilegeza zaidi bado. Angeyaacha marefu, huenda ningeyaokoa. Nimebadilisha vichwa vya greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) nikaweka vya 175, mishale ikasogea vidole viwili tu. Kabla ya kushika msumeno alipaswa kuuliza pauni za upinde, urefu ninaovuta, ambao ni inchi 27, kwa hiyo hata hizo 40 sizifikii, na mpini ulivyochongwa. Mhadzabe, mwindaji wa kando ya Ziwa Eyasi, hunyoosha wano lake kwa moto na meno, tena kwa ajili ya upinde anaoufahamu. Huyu mwenzetu mwenye duka na mashine ameshindwa kuuliza maswali matatu.

Nimemwomba anibadilishie kwa mawano ya 600 yasiyokatwa, nami nilipe nauli ya basi. Amekataa, kwa hoja kwamba hapokei mishale iliyokwisha kukatwa, ilhali aliyeikata ni yeye.