Huyu mwenyekiti wa kamati anayeniita "wa mkoani" kisa nakaa Kibaha, leo kanifikisha

Wakuu mnamjua, simtaji. Kila harusi ya ukoo mwenyekiti yeye, na maiki haachii hata mkiwa watu kumi na tano sebuleni. Leo kikao Sinza, nimetoka zangu Kwa Mathias mapema, nimefika kabla ya wenye mji wao, nikapewa kile kiti cha plastiki chenye mguu mbovu, nikakaa nimejibana nisianguke. Ikafika zamu ya kusoma ahadi, jina langu likatajwa, mzee akaweka daftari chini, akavua miwani, akapuliza maiki, fuu fuu, kisha: "Mgeni wetu wa mkoani, hata gunia la mkaa hukutubebea?"

MKAA. Mimi. Mtu wa manispaa.

Watu wamecheka mpaka mweka hazina Fanta imemtokea puani. Na wife naye kacheka, hilo tutaongea nyumbani.

Sasa huyu mzee mwenyewe anakaa Mbezi ya ndaniii huko, mvua ikinyesha anatoka na ndala mkononi viatu kwenye mfuko wa rambo. Kutoka Mbezi kuja kwangu ni Kibamba, Kiluvya, umefika. Kimara mpaka Kibaha njia nane hizo, nateleza tu, yeye mpaka aikute lami kuku wangu wameshataga mara mbili. Halafu mkoani ni mimi! Sensa ya 2022 tumepita laki mbili na nusu, viwanda vimejaa Visiga huko, Hospitali ya Tumbi, mkipata ajali barabarani si ndio mnaletwa mkilia? Shirika la Elimu lipo toka 1963 enzi za mradi wa Nordiki, nusu ya wakubwa wa nchi hii wamekula maharage ya Kibaha Sekondari. Hata maji anayoogea yanatoka Ruvu huku kwetu, nikifunga bomba atanuka mpaka harusi ipite. Hata gunia la mkaa hukutubebea!!

Nikamezea, nikasema ahadi yangu laki tatu. Akaandika huku anasema kwenye maiki, "laki tatu, za mkaa hizo." Kairudia wakuu. KAIRUDIA.

Kobe Mjanja: Pole mkuu ila Kibaha si ndio makao makuu ya Mkoa wa Pwani? Sasa ukiitwa wa mkoani kosa liko wapi 😂😂

Mleta uzi: Wewe si wa Kiluvya wewe? Huko kwenu hamjui hata kama mpo Dar au Pwani, kaa kimya.

Kobe Mjanja: Nimekaa. Ila mkaa ungeleta tu.

Mlandizi Original: Marekebisho. Mtambo wa Ruvu Juu upo Mlandizi, na Mlandizi ni halmashauri ya wilaya, haipo kwenye manispaa yako. Wa kufunga bomba ni sisi, usitutishie watu kwa maji yasiyo yako.

Bi Tausi: Hiyo laki tatu umetoa au ni ahadi?

Mleta uzi: Ahadi. Lakini hiyo sio mada.

Bi Tausi: Aaaah. Kumbe. Mwenyekiti anakujua vizuri huyo.

Mzee wa Pantoni: Nyie mna njia nane bado mnalia. Sisi wa Kigamboni tupo Dar halali kabisa, daraja limefunguliwa 2016, na kwenda kumsalimia mama lazima nilipie. Nikikwepa daraja nakutana na foleni ya pantoni, nafika mama kashalala. Wangeniita mimi wa mkaa hapo ningeshukuru.

Kivule Ndani: Daraja unalo unalalamika! Njoo Kivule masika. Boda anafika kwenye dimbwi anakwambia shuka bosi, kuvuka ni hela nyingine, anakubeba mgongoni buku. Juzi kambeba mwalimu wa watu, katikati ya maji simu ikaita, jamaa akapokea! Mwalimu yupo mgongoni anasikiliza watu wanavyodaiana.

Mzee wa Pantoni: Buku tu? Hiyo rahisi, daraja lingekuwa hivyo ningebebwa kila siku.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, huyu mzee kasema MKAA mbele za watu, kwenye maiki

Bi Tausi: Kivule Ndani, huyo boda wako anabeba mpaka kilo ngapi? Jumamosi mama mkwe anakuja na sio mwembamba.

Kivule Ndani: Kwa mama mkwe wanakuja boda wawili, wanasaidiana kumbeba. Buku mbili na mia tano, mizigo mbali.