Mkwe ametia sahihi wosia kama shahidi: je, binti amepoteza shamba?

BintiWaChai
Naomba msaada wa wanaojua mirathi ya Kenya. Mama mjane ameandika wosia. Shamba la ekari mbili amempa binti yake mkubwa, nyumba amempa kijana wake, na mali iliyobaki wagawane sawa watoto wote wanne. Mashahidi ni wawili: jirani, na mume wa huyo binti mkubwa. Mama yu hai na akili zake timamu. Wosia wote umeharibika? Na tukiongeza tu shahidi mwingine pale chini?

Karani wa Mirathi
Wosia ni halali, na kijana atapata nyumba yake. Kinachoanguka ni alichopewa binti. Kifungu cha 13(2) cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinabatilisha zawadi kwa shahidi au kwa mke au mume wa shahidi, isipokuwa kama wosia umeshuhudiwa pia na wengine wawili walio huru. Hapa ukimwondoa mkwe anabaki jirani peke yake. Wangekuwa majirani wawili na mkwe wa tatu, shamba lingekuwa salama.

Someni wosia mzima kabla ya kumhesabu huyo jirani. Shahidi huru ni yule asiyepewa chochote, wala mwenzi wake hakupewa chochote. Jirani akiwa ameachiwa hata ng'ombe mmoja, naye hayuko huru.

Linaloumiza zaidi ni hili: shamba likishaanguka, kwa kawaida linaingia kwenye mali iliyobaki. Huko nako fungu la binti limebatilika kwa sababu ileile. Mama alitaka kumpa zaidi, na wosia huu unamwacha mikono mitupu.

Mzee wa Baraza
Kuongeza shahidi kunawezekana, lakini si kwa kumpitishia mtu karatasi aweke sahihi. Kifungu cha 11 kinataka kila shahidi awe amemwona mama akitia sahihi, au mama mwenyewe amwambie, "Hii ni sahihi yangu," kisha shahidi atie yake mbele ya mama. Si lazima mashahidi wote wakutane siku moja.

Jirani akiwa huru kweli, shahidi huru mmoja wa kuongeza angetosha kwa hesabu. Mimi bado nasema wosia uandikwe upya. Sahihi yenye tarehe ya mbali na zile nyingine ni mwanya wa kesi. Wosia mpya uanze kwa kufuta zote zilizotangulia, uwe na tarehe, mama atie sahihi kila ukurasa, na mashahidi wawili wa nje waandike jina kamili, namba ya kitambulisho na anwani. Ule wa zamani mama mwenyewe auchane. Wanaorithi na wenzi wao wasubiri nje, wasije wakadaiwa kuwa walimshinikiza.

BintiWaChai
Asanteni. Mkwe huyo pia ametajwa kuwa mtekelezaji wa wosia. Nafasi hiyo nayo imekwenda?

Karani wa Mirathi
Haijaenda. Kushuhudia hakumwondoi kwenye utekelezaji. Ila kama wosia unaagiza alipwe ada kwa kazi hiyo, agizo hilo nalo limo katika yanayobatilika. Mawakili wanaoshuhudia wosia walioutunga wenyewe hujikwaa hapo.

Na kwa wanaosoma hapa ilhali mwenye wosia ameshafariki: mtoto aliyekosa urithi anaweza kuiomba mahakama impe sehemu inayofaa chini ya kifungu cha 26, awe ameolewa au hajaolewa. Aende mapema, maana hati ya usimamizi, yaani ile ya mahakama inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, ikishaidhinishwa rasmi mlango huo umefungwa. Na mahakama hupima mahitaji yake, kwa hiyo asitegemee kurudishiwa shamba lilelile.

Mswahili wa Lamu
Haya yote hayamhusu Mwislamu, ambaye mirathi yake hufuata sheria ya Kiislamu. Kwetu wasia hauvuki theluthi moja ya mali baada ya kulipa mazishi na madeni, na binti ni mrithi tayari, hivyo hawezi kuusiwa shamba mpaka warithi wenzake waridhie. Mumewe akitia sahihi au asitie, swali la kwanza kwa kadhi litakuwa ridhaa hiyo, na ni heri itolewe kwa maandishi baada ya kifo, mbele ya mashahidi.