Kupima uimara wa nywila: kanuni za herufi, zxcvbn au orodha ya zilizovuja?

mkwezi: Wakuu, fomu ya usajili inaingia hewani Jumatatu. Nichague ipi: kulazimisha herufi kubwa, tarakimu na alama; zxcvbn, maktaba ya JavaScript ya kukadiria uimara wa nywila; au kuuliza Pwned Passwords, huduma yenye orodha ya nywila zilizovuja?

seva_moto: Mbona hujasema seva inatumia lugha gani? Na watumiaji wako ni wa simu au kompyuta?

BintiKodi: Vyovyote iwavyo, achana na kanuni za herufi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walishauri ziachwe tangu 2017. `Password1!` inatimiza masharti yote matatu na bado ni nyepesi kubashiri. zxcvbn hukadiria majaribio yanayohitajika, kisha hutoa pointi 0 hadi 4. Kataa chini ya 3.

nahodha: Hapo sikubaliani. Kamusi zake ni za Kiingereza. Mpe `harakaharakahainabaraka` uone: pointi 4, na methali hiyo nani asiyeijua? Ukiitumia, jaza kigezo cha pili, `user_inputs`, yaani maneno yako ya ziada yatakayohesabiwa kuwa mepesi: jina la tovuti, majina ya timu za mpira, barua pepe ikiwa imekatwa kwenye @.

mkwezi: Samahani, ni PHP, kwa kiunzi cha Laravel. Wengi wako kwenye simu.

seva_moto: Basi `Password::min(12)->uncompromised()`. Inauliza Pwned Passwords: inatuma herufi 5 za mwanzo za heshi ya SHA-1 (msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye nywila), inaletewa mikia yote, yaani herufi zilizobaki, ya heshi za kundi hilo, ulinganisho unafanyika kwako. Nywila haitoki. Angalizo: huduma ile isipojibu, fomu inaweza kusubiri hadi sekunde 30, kisha nywila inapitishwa tu.

BintiKodi: Kwa simu, zxcvbn ina karibu KB 400 hata ikibanwa. Ipakie mtumiaji anapogusa kisanduku, na ipe herufi 100 za mwanzo tu. Maandishi marefu mno yanagandisha kivinjari.

nahodha: Kosa baya kuliko yote haya ni `maxlength`, kikomo cha herufi kwenye kisanduku. Kuna mfumo uliwekewa 16 kwenye usajili, ukurasa wa kuingia haukuwekewa. Mtu anabandika nywila ya herufi 24, kivinjari kinakata 8 kimyakimya, heshi inahifadhiwa ya zile 16. Kesho yake anabandika zote 24, anakataliwa. Anabadilisha nywila, inakatwa tena. Waliofungiwa nje ni wale wale wanaotumia programu za kutunza nywila.

seva_moto: Na bcrypt, njia ya kutengeneza heshi za nywila za kuhifadhi, inakata kwenye baiti 72. Emoji nyingi ni baiti 4, kwa hiyo 18 tu zimeijaza.

BintiKodi: Ndiyo maana nasema Argon2id, njia nyingine ya heshi isiyokata hapo.

seva_moto: Kwenye seva ya kukodi yenye RAM ya MB 512? Kila heshi moja inakula MB 64 kwa mipangilio ya kawaida ya PHP.

BintiKodi: Shusha `memory` hadi MB 19, `time` (idadi ya mizunguko) iwe 2.

mkwezi: Sasa na waliokwisha kusajiliwa kwa bcrypt?