Kanitoa dakika ya 17, halafu kaniambia nikalinde viatu!

Wana Lubumbashi, sijaoga, sijala, bukari imepoa mezani, naandika hivi hivi na vumbi la uwanja kwenye meno. Sitaji jina la kocha wetu. Katuba nzima inamjua, filimbi anaivaa shingoni hata kwenye matanga.

Leo kanitoa dakika ya 17. Kumi na saba! Dakika hiyo kiungo bado anasalimiana na mpira. Nikafika pembeni, nikanyoosha mkono kama mtu aliyelelewa. Hakuushika. Akasema mbele ya watu wote, na mama wa vitumbua anasikia: "Wewe nenda ukalinde viatu." Viatu! Mimi niliyevaa namba 8 miaka sita!

Na yeye mwenyewe alikuwa kiungo, hapo ndipo ninapochomwa. Tulimwona akicheza. Pasi zake zote zilirudi nyuma, kipa alichoka kuliko mshambuliaji. Akiitwa atoke, alikuwa anaketi katikati ya uwanja kama mbuzi aliyekataa kamba, mpaka wazee waje kumbembeleza. Huyo leo ndiye wa kututoa sisi?

Kila mazoezi tunapewa hadithi ile ile: Deschamps alikuwa kiungo kama mimi, Mihayo alikuwa kiungo kama mimi. Kama wewe wapi? Mfaransa mwenzake Cantona alimwita Deschamps mbeba maji kwa dharau, na mbeba maji huyo akanyanyua Kombe la Dunia 1998 akiwa nahodha wa Ufaransa, akalichukua tena 2018 akiwa kocha. Mihayo alicheza katikati ya klabu yetu ya Mazembe, akarudi akiwa kocha, 2017 tukabeba Kombe la Shirikisho la Afrika. Wewe ulinyanyua nini? Ndoo ya maji ya mapumziko, na nusu ukaimwaga!

Viatu, jamani. Kandambili za timu nzima na soksi zinazonuka bitoyo, samaki wa chumvi. Na nikakaa nikazilinda, sababu mama alinifunza kutii mkubwa.

Kunguru wa Kamalondo: Mudogo, nilikuwepo. Dakika zile 17 ulipoteza mipira tisa. Wa kumi ulimpa refa.

Mwenye uzi: Refa alisimama njiani! Na hata kama, mtu anaambiwa akalinde viatu?

Mama wa Watatu: Afadhali wewe umecheza. Mwanangu kalipa franga za jezi tangu Pasaka, jezi hajaiona. Nikimuuliza huyo baba, ananianzia habari za Deschamps.

Reli ya Lupopo: Watu wa Mazembe hata mkilia lazima mtaje makombe.

Kunguru wa Kamalondo: Tutayataja. Ligi ya Mabingwa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Na Desemba 2010, Kombe la Dunia la Klabu, Internacional wa Brazil walikula mbili Abu Dhabi, kipa wetu Kidiaba akarukaruka kwa makalio, dunia nzima ikaona.

Reli ya Lupopo: Na fainali Inter Milan wa Italia wakawapiga tatu, hiyo unairuka. Dakika ya 17 Eto'o alikuwa ameshafunga la pili. Yaani dakika 17 zinamtosha mtu mwenye kazi yake. Mwenye uzi, umesikia?

Mwenye uzi: Nazungumza viatu mimi! VIATU!

Ruashi Gizani: Fainali ile mimi niliona bao moja tu, umeme ukakatika. Nilivuka mitaa mitatu nikitafuta televisheni, nikafika watu wanatoka.

Mama wa Watatu: Usinikumbushe umeme. Kwetu giza tangu Jumanne, samaki wote wameharibika.

Kunguru wa Kamalondo: Kwetu unakuja saa nane usiku, saa tisa umeondoka. Wanawake wanaamka kupiga pasi.

Ruashi Gizani: Nani ana jenereta ndogo ya kuuza?

Reli ya Lupopo: Mimi ninayo, kamba ya kuwashia tu ndiyo imekatika.

Ruashi Gizani: Yaya, bei?