Tupeane uzoefu: kupunguza tishu nyumbani na kuchagua isiyoharibu mazingira

Tishu ya chooni, ya jikoni, sevieti za mezani: leteni vipimo na makosa ya kuepuka. Matangazo ya biashara yakae pembeni.

Fundi Koki
Anzeni na maji kabla ya kuhangaikia aina ya karatasi. Penye kopo au shatafu, tishu inabaki ya kukaushia tu. Kufunga shatafu: tii (kiungo cha njia tatu) ya nusu inchi kwenye koki inayolisha tangi la choo, thredi tepu (utepe mwembamba wa kuzuia uvujaji) mizunguko 8 hadi 10, upande uleule nati inakokazwa. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja unapokaza na maji yanavuja. Ukimaliza kutumia funga koki yake, usitegemee kitufe cha mkononi. Mpira ukishinda na presha ndio unaopasuka usiku mkaamkia bwawa.

Chemba Safi
Kipimo cha chupa: tia kipande kimoja cha tishu kwenye chupa ya mdomo mpana yenye maji nusu, funga, tikisa sekunde 10. Ya chooni iliyo nzuri inakuwa kama uji mwepesi. Sevieti na tishu ya jikoni zitabaki nzima, maana hutiwa dawa ya kuzizuia zisichanike zikilowa. Ndizo zinazoziba chemba. Wipes ni mbaya zaidi, nyingi zina nyuzi za plastiki.

Bi Mizani
Msihesabu roli, pimeni gramu. Roli nyingine ina boksi pana katikati na imeviringishwa kwa kulegea, unanunua hewa. Toa uzito wa boksi, kisha gawanya bei kwa gramu zilizobaki.
Rangi ya kaki haithibitishi kwamba karatasi imerejelewa. Someni lebo ya FSC, shirika linalothibitisha misitu inayotunzwa: FSC Recycled ni malighafi iliyorejelewa, FSC 100% ni ya misitu iliyokaguliwa, FSC Mix ni mchanganyiko. Ya mianzi si mbaya, ila nyingi inatoka China, na nyingine imevishwa plastiki.

Jiko la Pwani
Jikoni karatasi inaweza kuisha kabisa. Kata fulana kuukuu za pamba, sentimita 30 kwa 30. Hazifumuki, hazihitaji cherehani. Khanga lazima ipindwe. Huna hakika kama ni pamba? Choma uzi mmoja: pamba inaacha jivu laini, polista inayeyuka na kuganda kidonge kigumu, na hiyo hainyonyi maji. Kitambaa kipya nacho hakinyonyi mpaka kifuliwe mara mbili tatu, wanga utoke.

Vitambaa vya mafuta viwe na ndoo yake: maji ya moto lita 5, kijiko kikubwa cha sabuni ya unga, nusu saa. Harufu mbaya inatokana na kuvirundika vibichi, kwa hiyo vitundikwe hata kama kufua ni kesho. Jiki isichanganywe na siki, inatoa gesi ya sumu.

Sambusa zichuje mafuta kwenye chekecheke la waya juu ya sinia. Gazeti hapana, lina wino.

Bi Mizani
Na doa la binzari?

Jiko la Pwani
Ukilipaka sabuni ya mche litageuka jekundu, usishtuke. Suuza kitambaa, anika juani kikiwa kibichi, litafifia lenyewe.