Mrejesho: vipimo vilivyogoma kujumlika

Narudi kwa mlionijibu. Swali langu: kwenye programu ya kuchorea ya kompyuta, mstatili wa upana wa milimita 100 nimeugawa sehemu tatu sawa, zana ya vipimo inaandika 33.3 kila sehemu, jumla 99.9. Ile 0.1 imekwenda wapi?

Haikwenda popote. Mchoro wenyewe uko sawa, ila lebo ya kipimo inakadiria hadi nafasi moja ya desimali. Nimeweka nafasi tatu, sasa nasoma 33.333. Jumla bado ni 99.999, lakini tofauti hiyo hata mashine ya kukatia kwa leza haiioni.

Kilichonitoa jasho ni kingine. Mstatili huohuo, nikiupima wote, ulikuwa unasoma 100.35. Nikadhani programu imepata wazimu. Kumbe zana ilikuwa inapima hadi ukingo wa nje wa mstari unaouzunguka mstatili, na mstari huo una unene wa pointi 1, yaani milimita 25.4 gawa kwa 72, karibu 0.35. Nusu yake inachomoza kila upande! Nimebadili mpangilio, unene usihesabiwe, ikatulia kwenye 100.

Aliyesema nizime gridi (vimraba vya mwongozo kwenye skrini): haikuwa gridi, ila asante. Vipimo vya kukatia sasa naviandika mwenyewe kwa mkono.