Mtoto wa miaka 4 ameokota matusi steji, naomba ushauri

Wadau, hamjambo? Tunaishi Kondele, Kisumu, nyumba inayotazamana na steji ya bodaboda. Jumapili shangazi yake akimpakulia omena, kijana wangu akamtolea tusi la mama, lile zima zima, kwa sauti ya makanga kabisa. Baba yake akaangua kicheko. Hapo ndipo nilipochoka, maana tangu siku hiyo mtoto analirudia akitaka tucheke tena. Nyanya yake anasema apakwe pilipili mdomoni, mimi sitaki. Nikinyamaza anaendelea, nikimkemea anauliza maana yake. Nimjibu nini? Na huyu mzee wangu, ambaye Gor Mahia ikifungwa hutukana hata televisheni, nimwanzie wapi?